Mgeni Mlipaji na Hadithi ya Kluskap: Utalii wa Wami'kmaq kwa Jicho la Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba hadithi haina uhai bila hadhira. Fanani hutoa mwito, hadhira ikaitikia, na utendaji ukaanza. Hata hivyo, hadhira inayotajwa katika vitabu vingi vya kiada ni ya nyumbani: wajukuu wamezunguka meko, nyanya yuko katikati, na lugha ni moja. Mambo huwaje basi pale ambapo hadhira imeshuka melini asubuhi, imelipa kiingilio, haifahamu hata neno moja la lugha ya fanani, na inatarajiwa kurejea melini kabla ya magharibi?

Makala haya yananuia kulichunguza swali hilo kupitia kwa Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa mashariki mwa Kanada, ambao katika miongo ya hivi karibuni wameanzisha utalii wanaouendesha wenyewe. Huenda msomaji akauliza mbona kwenda mbali kiasi hicho ilhali Bomas of Kenya iko Lang'ata na vijiji vya kitalii vya Wamaasai viko kando ya barabara ya kuelekea Mara. Jibu ni kwamba Wami'kmaq wameingia katika utalii huku lugha yao ikiwa imeponea chupuchupu. Kwao, suala la nani asimulie, kwa lugha ipi, na nini kisisimuliwe kamwe, lina uzito ambao mtafiti wa fasihi hawezi kuupuuza. Dai la msingi hapa ni kwamba utalii wa aina hii hupimwa vyema kwa kile ambacho fanani ana uwezo wa kumnyima mgeni, kuliko kwa wingi wa yale anayomwonyesha.

Kwanza, neno kuhusu jina. Katika lugha yenyewe, Mi'kmaq ni wingi na Mi'kmaw ni umoja. Mi'kmaw ndiyo hutumika pia kama kivumishi. Kwa hiyo anayesema 'Wami'kmaq' amepachika wingi juu ya wingi, na bila shaka mwanasarufi atanung'unika. Kosa hilo litavumiliwa hapa kwa ajili ya upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili. Wenyewe hujiita pia L'nu'k, yaani watu.

Watu, Nchi na Mikataba

Nchi ya Wami'kmaq huitwa Mi'kma'ki. Inajumuisha majimbo ya Nova Scotia na Prince Edward Island, sehemu kubwa ya New Brunswick, rasi ya Gaspé iliyoko Quebec, na kisiwa cha Newfoundland. Kijadi iligawanywa katika wilaya saba zilizounganishwa na Baraza Kuu. Newfoundland huhesabiwa siku hizi kuwa ya nane. Ramani ya mgeni na ramani ya mwenyeji zinatofautiana. Mahali mtalii anapopaita Halifax ni Kjipuktuk, bandari kuu. Cape Breton ni Unama'ki. Prince Edward Island ni Epekwitk, jina linalosawiri kitu kilicholala juu ya maji. Masimulizi husema kwamba Kluskap, shujaa mkuu wa jadi, alipolala alikifanya kisiwa hicho mto wa kulazia kichwa huku Nova Scotia ikiwa kitanda chake.

Kati ya mwaka 1725 na 1779 Wami'kmaq na majirani wao waliwekeana na Waingereza mikataba ya amani na urafiki. Jambo la kukumbukwa kuhusu mikataba hiyo ni kwamba haikuuza ardhi. Pamoja na hayo, ardhi ilitwaliwa. Mwaka 1928, Mkuu wa Baraza Kuu, Gabriel Sylliboy, alitiwa hatiani kwa kosa la uwindaji ingawa alijitetea kwa mkataba wa 1752. Serikali ya Nova Scotia ilimpa msamaha mwaka 2017, miongo mingi baada ya kifo chake. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Donald Marshall Mdogo, aliyeshtakiwa kwa kuvua na kuuza mikunga, ikakubali kwamba mikataba ya 1760 na 1761 iliwapa watu wake haki ya kujipatia riziki ya wastani kwa uvuvi na uwindaji. Ugomvi wa kambamti uliofuata, kwanza Burnt Church na kisha Sipekne'katik mwaka 2020, unaonyesha kwamba hukumu mahakamani ni kitu kimoja na utulivu baharini ni kitu kingine.

Historia hii inatajwa hapa kwa sababu moja. Mgeni anayelipa kusikia hadithi katika nchi hii ameketi juu ya ardhi ambayo mwenyeji wake hakuiuza. Fanani analijua hilo. Hadhira, mara nyingi, hailijui mpaka itakapoambiwa, na kuiambia ni sehemu ya kazi.

Hadithi Inapobadilisha Lugha

Katika usimulizi mmoja unaojulikana sana wa asili ya ulimwengu, ambao mzee Stephen Augustine wa Baraza Kuu ameusambaza kwa hadhira pana, Kluskap aliumbwa na radi iliyopiga ardhi. Alilala chali mchangani, kichwa kikielekea macheo na miguu machweo, asiweze kuinuka. Ilibidi radi ipige mara kadhaa kabla hajapata uhai kamili na kuachiliwa na ardhi. Kisha walikuja jamaa zake mmoja baada ya mwingine: nyanya aliyetokana na jiwe, mpwa aliyetokana na povu la bahari, na mama aliyetokana na jani la mti. Kila mmoja alileta maarifa yake. Nyanya alileta hekima, lakini hangeweza kuishi kwa matunda na mizizi pekee. Akahitaji nyama, na hapo Kluskap akamwomba mnyama mdogo aitwaye apistane'wj atoe uhai wake, kwa ahadi ya udugu wa daima.

Mwanafunzi wa Kiswahili atazame majina ya jamaa hao. Nyanya anaitwa Nukumi. Mpwa anaitwa Netawansum. Hayo ni maneno ya ukoo yaliyobeba umilikaji ndani yake: sauti n- mwanzoni ina maana ya '-angu'. Nukumi ni 'nyanyangu' na Netawansum ni 'mpwa wangu'. Kwa desturi ya lugha hii, neno la ukoo halisimami uchi. Lazima liwe la mtu fulani. Kwa hivyo kila msimulizi anapolitaja jina la nyanya wa Kluskap, anamtaja kama nyanya yake mwenyewe, na msikilizaji anayelirudia jina hilo naye anaingizwa katika ukoo. Hadithi inapotafsiriwa kwa Kiingereza ili mtalii aielewe, nyanya huyo hubakia nyanya tu, wa kila mtu na asiye wa yeyote. Kiswahili, kwa mtindo wake wa 'mamangu', 'babangu' na 'nyanyangu', kingeihifadhi maana hiyo kwa urahisi zaidi. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba meli zinazotia nanga katika bandari ya Sydney hazijajaa Waswahili.

Tafsiri hiyo ilianza zamani. Mmishonari Silas Rand, aliyejifunza Kimi'kmaq katika karne ya 19, aliandika hadithi nyingi kutoka vinywani mwa wasimulizi, na mkusanyiko wake ukachapishwa mwaka 1894, miaka mitano baada ya kifo chake. Mwenzake wa Zanzibar, Edward Steere, alikuwa amekwisha kuchapisha ngano za Kiswahili mwaka 1870. Ipo tofauti moja muhimu. Steere alizichapa ngano kwa Kiswahili na tafsiri kando yake. Kitabu cha Rand kiliwafikia wasomaji kwa Kiingereza. Vizazi vya watunzi wa vijitabu vya watalii vimechota humo, na ndiyo maana Kluskap anayejulikana na wageni anazungumza kama mchungaji wa Kibaptisti. Siku hizi sanamu yake yenye urefu wa takriban mita 12 imesimama Millbrook, karibu na mji wa Truro, kando ya barabara kuu, ambapo msafiri anaweza kumwona bila hata kupunguza mwendo. Tofauti na sanamu nyingi za mashujaa wa wenyeji huko Amerika, hii iko katika ardhi ya jamii yenyewe na mlangoni pa kituo cha utamaduni cha jamii hiyo. Anayetaka kujua Kluskap ni nani hana budi kuegesha gari na kuingia ndani.

Mkate Uokwao Mchangani

Utalii unaozungumziwa hapa una sura nyingi. Katika kisiwa cha Lennox, kilichoko Prince Edward Island, mgeni hualikwa ufuoni kutazama mkate ukiokwa: moto huwashwa juu ya mchanga, makaa husogezwa, donge la unga hufukiwa katika mchanga wa moto, kisha hufukuliwa, likapanguswa na kuliwa pamoja na kombe za baharini. Kisiwa hicho kilinunuliwa kwa ajili ya Wami'kmaq mwaka 1870 na chama cha watetezi wa wenyeji chenye makao London. Leo bahari inakimega kidogo kidogo. Vilima virefu vya mchanga vinavyokikinga dhidi ya mawimbi, viitwavyo Pituamkek, vilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2024, na Wami'kmaq wanashiriki katika usimamizi wake.

Mkate huo huitwa luskinikn. Mtalii aliyesoma kidogo hupenda kuuliza swali la kumwaibisha mwenyeji: je, ngano haikuletwa na Wazungu? Naam, ililetwa. Hata chapati ililetwa Afrika Mashariki kutoka Bara Hindi, na hakuna Mkenya anayeombwa atoe ushahidi wa uhalisi wake siku ya Krismasi. Anayedai kwamba utamaduni ni halisi pale tu ulipokuwa kabla ya meli ya kwanza anawataka wenyeji wawe wamekufa karne nne zilizopita. Mchanga, moto, mikono na neno lenyewe ni vya Wami'kmaq, na donge la unga limekwisha kupata uraia.

Hali ni ile ile kuhusu mikusanyiko ya ngoma ya kiangazi, iitwayo mawio'mi. Mengi ya mavazi na mitindo ya ngoma inayochezwa humo yametoka kwa mataifa ya nyanda za magharibi mwa Amerika Kaskazini. Ngoma iliyo ya Wami'kmaq wenyewe ni ko'jua, yenye mwendo na nyimbo zake. Zote mbili huchezwa katika uwanja mmoja, na msimamizi wa hafla huwaambia wageni ni wakati gani wanakaribishwa kuingia duarani na ni wakati gani wakae.

Biashara ya kumuuzia mgeni sanaa si mpya vilevile. Tangu karne ya 18 wanawake wa Kimi'kmaq walitengeneza vijaluba vya maskwi, yaani gome jeupe la mti ambalo pia lilitumika kuundia mitumbwi na kuezekea nyumba, wakavipamba kwa miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi. Vingi vilinunuliwa na maafisa na wasafiri, na leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Christianne Morris, aliyeishi Halifax katika karne ya 19, alisifika kwa kazi hiyo. Yeye huyo huyo alitafutwa na wachoraji na wapiga picha ili akae mbele yao akiwa na kofia yake yenye ncha na nguo za kutariziwa. Kwa hiyo alikuwa msanii na, wakati uo huo, kitu cha kutazamwa. Mzozo mzima wa utalii wa kitamaduni ulikuwa umekaa juu ya kiti kimoja.

Baadaye vilikuja vikapu vya kusuka kwa vipande vyembamba vya mbao, vilivyouzwa nyumba kwa nyumba ili familia zipate chakula. Mti bora wa kazi hiyo, wisqoq, umekuwa adimu, na mwaka 2018 mdudu wa kijani mwenye asili ya Asia anayeangamiza miti ya jamii hiyo alithibitishwa kuwapo Nova Scotia. Mafunzo ya ususi yanayotolewa kwa wageni na kwa vijana wa jamii yanafanyika chini ya kivuli hicho: sanaa inaweza kukosa malighafi kabla haijakosa wanafunzi.

Unama'ki kuna Eskasoni, jamii kubwa kuliko zote za Wami'kmaq, iliyo kwenye ufuo wa ziwa la Bras d'Or. Ukubwa wake una sababu chungu. Katika miaka ya 1940 serikali ilizisukuma familia kutoka vijiji vidogo zihamie sehemu mbili tu, Eskasoni ikiwa mojawapo. Leo wageni huongozwa katika njia ya miguu yenye urefu wa kilomita 2.4 katika kisiwa cha Goat, ambapo hufukizwa kwa moshi wa majani makavu kabla ya kuanza, kama vile mgeni wa pwani yetu anavyofukiziwa udi, kisha wakasikia juu ya uwindaji, ususi, ngoma na michezo. Mbali kidogo, karibu na mji wa Sydney, kuna Membertou. Jamii hiyo iliishi kando ya bandari hadi majirani walipolalamika. Mwaka 1916 mahakama iliamuru ihamishwe, na uhamisho ukakamilika mwaka 1926. Bustani ya urithi iliyofunguliwa huko mwaka 2012 huwasimulia wageni habari hizo za kufukuzwa, pamoja na zile za Chifu Membertou aliyebatizwa mwaka 1610. Inahitaji ujasiri kuuza tiketi ya hadithi ambayo babu za wanunuzi ndio wahalifu wake. Aidha, Membertou haitegemei tiketi hizo pekee: mwaka 2021 iliongoza muungano wa jamii za Wami'kmaq ulionunua nusu ya kampuni kubwa ya vyakula vya baharini, Clearwater. Jamii yenye riziki nyingine inaweza kumwambia mtalii ukweli usiompendeza. Isiyo na riziki nyingine hulazimika kumchezea.

Yasiyouzwa

Nguvu ya kunyima hujitokeza wazi katika mambo madogo. Katika mikusanyiko mingi ya ngoma, unyoya wa tai ukidondoka kutoka katika vazi la mchezaji, ngoma husimama. Watu wote huinuka. Kamera huzimwa. Unyoya huo huokotwa kwa utaratibu maalumu, na mgeni aliyelipia picha hana la kufanya ila kusubiri. Kwa lugha ya nadharia, hapo utendaji umebadilika ghafla kutoka kuwa onyesho hadi kuwa ibada, na hadhira imevuliwa cheo chake cha hadhira.

Katika kisiwa cha Potlotek, makao ya kiroho ya Baraza Kuu, Wami'kmaq hukusanyika kila mwaka mwishoni mwa Julai kwa sikukuu ya Mtakatifu Ana. Wengi wao ni Wakatoliki tangu enzi za Membertou. Ni mkutano wa familia, wa sala na wa baraza, na japo ungeweza kuwavutia watalii wengi, haukuundwa kwa ajili yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni moja ilipendekeza kuchimba mawe katika mlima wa Kelly huko Unama'ki. Chini ya mlima huo kuna pango linalosemekana kuwa makao ya Kluskap, ambapo ataonekana tena atakaporejea. Wami'kmaq walipinga, na machimbo hayakujengwa. Waliokuwa wakiiona hadithi ya Kluskap kama kipambo cha vijitabu vya watalii walistaajabu kuona ikisimamisha matrekta. Mwanafunzi wa Utendi wa Fumo Liyongo hapaswi kushangaa sana: shujaa ambaye kaburi au pango lake linaonyeshwa kwa kidole hawi wa kubuni tu kwa watu wanaolionyesha.

Mfano wa Metepenagiag, New Brunswick, una mafunzo zaidi kwa mtafiti. Mwaka 1972 mzee Joseph Augustine alikitambua tena kilima cha makaburi ya kale, akiongozwa na masimulizi aliyoyapata kwa babake, wakati uchimbaji wa changarawe ulipokuwa ukitishia eneo hilo. Wataalamu wa mambo ya kale walipokuja walithibitisha kwamba kilima kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Bustani ya urithi iliyofunguliwa hapo mwaka 2007 inatokana na kumbukumbu ya mdomo iliyotangulia koleo la mtaalamu. Wanaofundisha kwamba fasihi simulizi haiwezi kuwa ushahidi wa historia wangefaidika kwa kuutafakari mfano huo.

Lugha: Salamu na Sentensi

Mgeni wa Mi'kma'ki hufunzwa maneno mawili matatu. Kwe' ni salamu, pjila'si ni kukaribisha, na wela'lin ni shukrani. Wakati mwingine huambiwa pia kwamba neno qalipu, jina la paa mkubwa wa nchi za baridi, ndilo lililozaa 'caribou' ya Kifaransa na Kiingereza. Mswahili akilisikia atadhani amekaribishwa mara ya pili.

Maneno haya yana hadhari yake. Wasemaji wa Kiswahili wanaijua vizuri hatima ya salamu iliyotupwa mikononi mwa utalii. 'Hujambo' ilinyolewa ikawa 'Jambo', kikanushi kikapotea na mtendwa wa salamu akapotea nacho, na sasa neno hilo limechapwa kwenye fulana. Anayeamkuliwa hivyo ufuoni hutambua papo hapo kwamba amehesabiwa kuwa mgeni. Je, wela'lin itafuata njia hiyo? Neno hilo kwa hakika ni sentensi nzima. Mzizi wel- una maana ya wema, na kiishio -in kinaonyesha kwamba 'wewe' ndiye mtenda na 'mimi' ndiye mtendwa: 'unanitendea mema'. Wakiwa ni wengi wanaoshukuriwa, neno hubadilika kuwa wela'lioq. Kitenzi cha Kimi'kmaq hubeba mtenda na mtendwa kama kitenzi cha Kiswahili kinavyofanya. Isitoshe, nomino zake hugawanywa katika makundi mawili, vyenye uhai na visivyo na uhai, na baadhi ya vitu visivyopumua huwekwa pamoja na vyenye uhai. Anayejua kwa nini kifaru na kiboko hufuata upatanisho wa A-WA huku vikivaa KI- ataona kwamba uhai katika sarufi una siasa zake kila mahali.

Lugha hii ilikaribia kunyamazishwa kwa makusudi. Kutoka mwaka 1930 hadi 1967 watoto wa Wami'kmaq walipelekwa katika shule ya bweni ya Shubenacadie, ambako waliadhibiwa kwa kuzungumza lugha ya mama. Mshairi Rita Joe (1932–2007) alipitia shule hiyo. Shairi lake mashuhuri, I Lost My Talk, linahusu kunyang'anywa huko, nalo limeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mnyang'anyi. Wasomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o wanaifahamu kadhia hiyo, kwani shule za kikoloni Kenya nazo ziliwavisha watoto alama ya aibu kwa kosa hilo hilo. Ngũgĩ aliamua kurejea katika Kigikuyu. Rita Joe, kwa upande wake, alitumia Kiingereza ili aliyemnyang'anya aelewe kilichochukuliwa. Ni vigumu kusema yupi aliyekosea, na yumkini hakuna.

Hapa ndipo utalii unapopimwa kwa kipimo kigumu. Unawapa vijana kazi ambayo ujuzi wa lugha ni mtaji wake, japo kwa msimu mfupi, maana baridi hufunga milango mapema. Lakini kazi hiyo hufanywa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, kwa kuwa hadhira ndiyo inayolipa. Kijana anaweza kuwa mwelekezi hodari mwenye maneno 50 ya Kimi'kmaq, na mgeni asitambue upungufu. Bibi yake angeutambua mara moja. Ikiwa hadhira ya bibi haipo tena, onyesho litaendelea kuwa safi huku lugha ikifia nyuma ya pazia. Kwa sababu hiyo, kituo cha utamaduni hakina budi kuegemea shule. Eskasoni ina shule ambamo watoto wadogo hufundishwa kila somo kwa Kimi'kmaq. Mwaka 2019, ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya lugha za wenyeji wa asili, mwanafunzi wa huko Emma Stevens aliimba wimbo wa Beatles, Blackbird, kwa Kimi'kmaq, na rekodi yake ikasikilizwa kote duniani. Paul McCartney mwenyewe aliusifu. Tarehe 1 Oktoba 2022 sheria ya Nova Scotia inayoitambua lugha hiyo kuwa lugha ya kwanza ya jimbo ilianza kutumika. Tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya mikataba.

Ingefaa, pengine, waelekezi wasimulie angalau kisa kimoja kizima kwa Kimi'kmaq kabla ya tafsiri, hata kama mgeni haelewi kitu. Dakika tano za kutoelewa hazijamuua mtalii yeyote. Katika dakika hizo angejua kwamba ipo hadhira nyingine, ambayo hadithi hii ilitungwa kwa ajili yake, na kwamba yeye ameruhusiwa tu kusikiliza.

Majahazi ya Kejimkujik

Kusini-magharibi mwa Nova Scotia kuna Kejimkujik, hifadhi ya taifa ambayo mwaka 1995 ilitambuliwa pia kuwa eneo la kihistoria kwa ajili ya urithi wa Wami'kmaq. Mjenzi wa mitumbwi Todd Labrador amewahi kuunda huko mitumbwi ya maskwi mbele ya macho ya wageni, akishona gome kwa mizizi ya mti. Kando ya maziwa ya hifadhi hiyo kuna miamba laini yenye michoro zaidi ya 500 iliyochanjwa na Wami'kmaq wa zamani. Hairuhusiwi kuiendea bila mwelekezi. Kuna wanawake wenye kofia za ncha, kuna uwindaji, kuna uvuvi. Na kuna merikebu za Wazungu, zenye milingoti, matanga na kamba zake zote, zimechorwa na mtu aliyezitazama kwa makini kutoka nchi kavu zikiingia bandarini. Mwelekezi humwagia jiwe maji ili mistari ionekane. Mwamba ni laini, na kila majira ya baridi barafu huufuta kidogo.